Uzi: "Lighthouse" kwa Kiswahili ni mnara wa taa, nyumba ya taa, au taa tu?

#1 MkalimaniWaPosta
Salaam wakuu. Kuna kijitabu cha usalama baharini kinatafsiriwa kwa ajili ya wavuvi na manahodha wa majahazi, Dar, Bagamoyo hadi Mafia. Neno lighthouse limo karibu kila ukurasa, na rasimu ya kwanza imeandika "nyumba ya taa". Msimamo wangu: hilo ni kosa. Sahihi ni "mnara wa taa", wingi "minara ya taa". Nyumba ni pa kukaa watu. Kinachomulika bahari ni mnara, hata kama chini yake pana nyumba ya mlinzi. Anayepinga alete hoja, na mwenye neno la mabaharia wenyewe aliweke hapa.

#2 Bamvu_Kunduchi
Karibu mkuu. Nyumba ya taa ni neno la mezani, pwani halisemwi. Lakini hata "mnara wa taa" ni refu kinywani. Mtu akiwa usukani hasemi "nimeuona mnara wa taa wa Makatumbe", anasema "taa ya Makatumbe ile". Usiku mnara hauonekani kabisa, kinachoonekana ni taa. Mchana unaona mnara, taa imezimwa. Neno linabadilika na saa.

#3 KigamboniYetu
Mimi nasema "mnara" peke yake unatosha. Nungwi kule Unguja kuna mtaa unaitwa Mnarani kwa sababu ya mnara wa taa wa Ras Nungwi, na hakuna aliyeongeza "wa taa". Kilifi nako kuna Mnarani, hivyo hivyo.

#4 JiweLaKale
@KigamboniYetu Nungwi uko sawa, Kilifi umekosea. Mnarani ya Kilifi ni magofu ya mji wa kale: msikiti na makaburi, na kaburi moja lina nguzo ndefu iliyosimama juu yake. Jina limetoka kwenye nguzo hiyo. Hapajawahi kuwa na taa ya meli juu yake. Watu hufanya kosa hilohilo na nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi, wakiiona iko kwenye rasi wanadhani ni ya kuongozea meli. Ile ni nguzo ya mawe yenye msalaba, alama ya Wareno kwamba wamefika.

#5 KigamboniYetu
Nimekubali kuhusu Kilifi, ahsante. Ila hoja yangu haijafa. Nguzo ya kaburi iliitwa mnara, taa ya Nungwi ikaitwa mnara. Mswahili alikuwa na neno moja kwa kila kirefu chembamba.

#6 Sarufi_na_Chai
Hapo sasa tuingie kwenye asili. Mnara ni manara ya Kiarabu, na shina lake ni lile lile la nuru. Ma- ya mwanzo ni ya Kiarabu, huunda jina la mahali: manara ni mahali pa nuru. Kiswahili kilipolipokea kikalisikia kama jina la ngeli ya mti, ndiyo tukapata mnara/minara. Kwa hiyo kwa asili yake mnara NI taa ya kuongozea. Ukisema "mnara wa taa" umesema "mahali pa nuru pa taa". Si kosa, lakini ujue umerudia.

Ibn Battuta alipofika Aleksandria mwaka 1326 aliuona ule mnara mkubwa wa kisiwa cha Pharos, upande mmoja ukiwa umebomoka, na neno alilotumia ni hilohilo la Kiarabu. Akarudi 1349 akaukuta umeharibika kiasi kwamba haingiliki. Katikati ya safari hizo mbili, 1331, alikuwa huku kwetu, Mombasa na Kilwa.

#7 MkalimaniWaPosta
@Sarufi_na_Chai hilo la asili ni tamu, lakini msomaji wa leo akisikia "mnara" anawaza nini? Mjini hapa kuna Mnara wa Saa pale Samora, kuna minara ya misikiti, kuna minara ya simu kila kona. Asili haimsaidii mtu aliye ndani ya ngalawa saa tisa usiku.

#8 Redio16
Naunga mkono #7, na hili ni suala la usalama. Kwenye redio, chaneli ya 16, mtu akiambiwa "elekea kwenye mnara" anatazama pwani na anaona minara kumi. Mibaya zaidi ni ya simu, maana usiku ina taa nyekundu kileleni kwa ajili ya ndege, na nyingine zinawaka na kuzima. Asiyejua anaihesabu kama taa ya bahari. Kijitabu kiandike wazi: taa ya mnara wa simu si alama ya njia, haimo kwenye chati (ramani ya bahari), na inaweza kuhamishwa au kukatika umeme bila baharia yeyote kuarifiwa.

Tena kwa Dar kuna tatizo la mwanga wa mji. Ukitoka nje ukaitazama Masaki au Posta usiku, mataa ya majengo marefu yanaimeza taa ndogo ya boya. Ndiyo maana taa za bahari hazitambuliwi kwa ukali. Zinatambuliwa kwa mpigo wake.

#9 Dau_la_Bongoyo
Mpigo ndiyo neno! Fafanua hapo mkuu, wengi wanaona herufi kwenye chati hawajui zinasema nini.

#10 Redio16
Tuchukue mfano wa kutunga: Fl(2) W 10s 25m 14M. Fl ni kwamba inamulika kwa muda mfupi na giza ni refu kuliko mwanga. (2) inamulika mara mbili kwa mfululizo. W ni nyeupe. 10s ni sekunde kumi za mzunguko mzima. 25m ni urefu wa taa, na 14M ni umbali wa kuonekana.

Kuhesabu: anza pale mmuliko wa KWANZA wa kundi unapowaka, ishia mmuliko wa kwanza wa kundi linalofuata. Kosa la kawaida ni kuhesabu giza peke yake, ukapata sekunde saba au nane ukadhani ni taa nyingine. Tumia saa ya simu, pima mizunguko mitatu mfululizo, gawa kwa tatu. Sababu ya kupima mitatu: kwenye chombo cha chini wimbi linaweza kukuficha mmuliko mmoja, ile ya mara mbili ukaiona ya mara moja. Mawimbi hayatakuficha mara tatu mahali palepale.

#11 Dau_la_Bongoyo
Safi. Kwa hiyo mita 14 ndiyo inaonekana?

#12 Bamvu_Kunduchi
@Dau_la_Bongoyo hapana ndugu yangu, angalia herufi. m ndogo ni mita, M kubwa ni maili za baharini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Hiyo 14M ni karibu kilomita 26. Herufi moja tu, lakini ukiichanganya umepotea.

#13 Chati_na_Dira
Na hizo maili 14 zisimdanganye mtu. Huo ni ukali wa taa hali ya hewa ikiwa safi kiasi cha mtu kuona maili 10. Kuna kikomo cha pili, mviringo wa dunia. Kanuni: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa taa kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa jicho lako juu ya maji, zidisha kwa 2.08. Jibu ni maili za baharini.

Taa ya mita 25, kipeuo chake 5. Mtu kwenye meli, jicho mita 4, kipeuo 2. Jumla 7, mara 2.08, ni maili 14.6. Mtu aliyekaa kwenye ngalawa, jicho mita 1: jumla 6, ni maili 12.5. Taa ni moja, mnara ni mmoja, na mwenye ngalawa amepungukiwa maili 2. Katika vikomo viwili fuata kilicho kidogo.

Zingatia na maji. Urefu wa taa kwenye chati zetu nyingi hupimwa kutoka usawa wa maji makuu ya bamvu, yaani yale yanayojaa sana mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Dar bamvu ina tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, kwa hiyo maji yakipwa taa ya mita 25 imekuwa ya 28, na unaipata nusu maili mapema zaidi. Usishangae ukiiona kabla ya hesabu.

#14 Sarufi_na_Chai
@Chati_na_Dira kwa hesabu hiyo umenitetea mimi. Urefu una kazi. Bila mnara taa haifiki. Kwa hiyo "taa" peke yake ya @Bamvu_Kunduchi inaacha nusu ya jambo.

#15 Bamvu_Kunduchi
Haiachi. Mnara unaibeba, taa ndiyo inasema. Nahodha anasoma taa.

#16 FundiWaTaa
Ninyi mnagombea jina, na taa yenyewe isipotunzwa jina halitasaidia. Zingatieni, kwenye kijitabu liwemo hili pia, maana vijiji vingine vinapewa taa ndogo za jua kwenye gati.

Taa nyingi sasa ni za LED, betri na paneli ya jua. Kinachoziua si taa, ni vitu viwili: chumvi na mavi ya ndege. Chumvi hukauka juu ya paneli ikawa utando mweupe. Ndege wakitua juu ya kihisi cha mwanga wakakichafua, kihisi kinadhani ni usiku. Taa inawaka mchana kutwa, betri inakwisha, jua likizama inazima. Watu wanasema "taa mbovu" wanabadilisha taa, wiki ijayo tatizo linarudi. Ukikuta taa ya bahari inawaka saa saba mchana, usifungue kitu, futa kihisi kwanza.

Kuosha: maji baridi ya kunywa, si ya bahari. Mwagia kwanza chumvi na mchanga vishuke, ndipo upitishe kitambaa laini cha pamba. Usitumie sabuni ya unga wala dodoki la waya, kifuniko cha plastiki kinapata mikwaruzo na mwanga unatawanyika. Huku Dar tuko kusini ya ikweta, paneli itazame kaskazini, ilale nyuzi 10 hadi 15. Hesabu ya latitudo ingekupa nyuzi 7 hivi, lakini ikilala sana mvua haiioshi, maji yanatuama ukingoni na uchafu unabaki palepale. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, husoma kama 12.7. Ukiikuta 12.0 asubuhi haijafa, lakini imeshuka sana, na ukiiacha hivyo siku nyingi itakufa.

#17 Dau_la_Bongoyo
Ahsante fundi, hii ndiyo nilikuwa nataka. Zamani bila kihisi walifanyaje, mlinzi alipanda kila jioni?

#18 FundiWaTaa
Mwanzo ndiyo, mlinzi. Baadaye ikaja gesi ya asetilini na vali ya jua ya Gustaf Dalén wa Sweden, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia 1912. Ndani yake mna fimbo moja nyeusi katikati, na zilizong'arishwa kuizunguka. Kukicha, nyeusi inafyonza mwanga na kutanuka kuliko wenzake, inaibana njia ya gesi, taa inazima. Jua likizama inanywea, gesi inapita, taa inawaka kwa kimoto kidogo kisichozimwa. Hamna umeme, hamna mtu. Chumbe pale mkabala na Unguja mnara ulijengwa na Waingereza 1904, taa ya gesi ikawekwa 1926.

#19 MzeeWaFeri
Asetilini ndiyo ile ya karabai wanangu. Neno lenyewe linatokana na kaabaidi, yale mawe yanayotoa gesi yakitiwa maji. Baadaye tukaiita karabai hata ile ya mafuta ya taa ya kupigwa pampu, ya kuvulia dagaa. Kwa hiyo msishangae neno kuhama. Karabai ilihama kutoka kwenye gesi kwenda kwenye mafuta, mnara ukahama kutoka kwenye nuru kwenda kwenye simu.

#20 Sarufi_na_Chai
Shikamoo mzee. Umenena. Na kuna lingine mmesahau: KINARA. Kinara cha mshumaa, kinara cha taa kwenye Biblia, kinara wa ligi, kinara wa mabao. Kwa maoni yangu ni mnara uliodogoshwa, ki-nara, kishikio kidogo cha nuru. Halafu ikawa mtu anayeongoza. Ikiwa kidogo kinaitwa kinara na kinashika taa, basi kikubwa chake mnara nacho kinashika taa. Sihitaji "wa taa".

#21 JiweLaKale
@Sarufi_na_Chai hapo napunguza kasi. Manara ya Kiarabu yenyewe ilimaanisha pia kishikio cha taa, si jengo tu. Inawezekana kinara kilikuja na maana ya taa, na mnara ukaja na maana ya jengo la msikiti, kila kimoja kwa njia yake. Huwezi kutumia kimoja kuthibitisha kingine.

#22 MzeeWaFeri
Marahaba mwanangu. Na fanusi je? Fanusi ni taa yenye kioo inayozuia upepo. Kile chumba cha vioo juu ya mnara ni fanusi kubwa. Waarabu wengine jengo zima huliita fanari.

#23 MkalimaniWaPosta
Mzee, fanusi inanifaa kwa kile chumba cha juu! Rasimu ilikuwa imeandika "chumba cha taa". Wareno je, walikaa pwani hii muda mrefu na wao husema farol, kutoka Pharos. Tumepokea meza, bendera na gereza, farol hatukupokea?

#24 JiweLaKale
Neno hupokelewa pamoja na kitu. Meza waliileta, gereza walilijenga. Mnara tulikuwa nao.

#25 KigamboniYetu
Kwa mambo ya Unguja: kabla ya vita vya tarehe 27 Agosti 1896 palikuwa na mnara wa taa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani, pale Forodhani. Mizinga ya Waingereza ikauharibu. Jengo lilipotengenezwa 1897 likapewa mnara wa saa. Taa ikaondoka, saa ikaja, na kote ni mnara.

#26 Dau_la_Bongoyo
Tukirudi kwenye njia. Ukiingia bandari ya Dar, taa nyekundu unaiweka kulia, siyo?

#27 Redio16
HAPANA mkuu, kushoto! Hiyo ya kulia ni ya Kanda B: nchi za mabara ya Amerika, pamoja na Japani, Korea Kusini na Ufilipino. Sisi tuko Kanda A ya mfumo wa kimataifa wa alama za bahari: ukiingia kutoka baharini nyekundu kushoto, kijani kulia. Ukitoka ni kinyume. Taa yenye rangi tatu, ukiiona nyeupe uko katikati ya njia salama. Ikibadilika kuwa nyekundu au kijani umetoka kwenye njia.

#28 Chati_na_Dira
Niongeze taa za mstari, hizi zinachanganya wengi. Ni taa mbili nchi kavu, ya mbele chini, ya nyuma juu zaidi. Zikisimama moja juu ya nyingine uko mlangoni barabara. Ya juu ikihamia kulia kwa ya chini, wewe umekwenda kulia, rudi kushoto. Namna rahisi ya kukumbuka ni kuifuata ya chini: iko upande gani, geuzia sukani upande huo hadi zisimame tena. Na usizifuate hadi ufukweni! Mstari una mwisho wake kwenye chati, pale unapotakiwa kukata kona.

Hizo nazo utaziita minara? Nyingine ni mlingoti wa chuma tu wenye taa. Ndiyo maana mimi niko na @Bamvu_Kunduchi: taa.

#29 MkalimaniWaPosta
Mmenipa mengi. Nauliza la kitenzi sasa. Ile Fl niliandika "inamweka", kama umeme unavyomweka mawinguni. Mhariri amesoma "inamweka mtu" akauliza inamweka wapi.

#30 Sarufi_na_Chai
Kumweka ni Kiswahili safi, lakini mhariri ana haki, maandishi hayana sauti. Tumia "inamulika". Ila kuna aina ya pili, ile ambayo mwanga ni mrefu na giza ni fupi. Hiyo huwezi kusema inamulika.

#31 Bamvu_Kunduchi
Hiyo inafumba. Kama jicho. Inatazama, inafumba, inatazama.

#32 Redio16
"Inafumba" nimeipenda. Mwanga mfupi kuliko giza, inamulika. Giza fupi kuliko mwanga, inafumba. Vikilingana, sawa kwa sawa. Hayo hata kwenye redio yanasikika vizuri.

#33 FundiWaTaa
Mkiandika kuhusu minara ya zamani yenye lenzi za pete za Fresnel, tajeni pazia. Mchana walifunga pazia kwenye fanusi. Lenzi inayotupa mwanga nje usiku, mchana inakusanya jua ndani, na jua hilo linaunguza taa na kuwasha moto. Mtu anayepanda mnara wa zamani kutembea asifungue pazia ovyo akiikuta.

#34 MkalimaniWaPosta
Nimeandika. Mara ya kwanza ukurasani naweka "mnara wa taa ya bahari", baada ya hapo "taa" na jina la mahali: taa ya Makatumbe, taa ya Nungwi, taa ya Ulenge. Kwenye sehemu ya redio "mnara" peke yake nimeufuta.

#35 KigamboniYetu
Umeufuta mnara na Mnarani ya Nungwi iko palepale. Sikubaliani, lakini fanya.

#36 Sarufi_na_Chai
"Mnara wa taa ya bahari" sasa ni nuru, na taa, na bahari. Mkuu, neno limekuwa sentensi.

#37 Dau_la_Bongoyo
Na ile meli iliyotia nanga palepale miaka yote kwa ajili ya kumulika, pale ambapo mnara haujengeki? Tuiiteje?

#38 Bamvu_Kunduchi
Meli ya taa. Hapo mnara haumo na watu wanaelewa.

#39 MzeeWaFeri
Haina mnara? Mlingoti wake uliobeba taa unauitaje, mwanangu?